Madaraka si Mirathi



Leo tunapenda tuzungumzie jambo la jirani zetu. Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni aliingia madarakani mwaka 1986. Kikomo cha vipindi vya urais kiliondolewa katika katiba mwaka 2005, na kikomo cha umri mwaka 2017. Katika miaka hiyo mwanawe, Muhoozi Kainerugaba, alikuwa akipanda vyeo jeshini.

Hatusemi kwamba mtoto wa rais ni haramu kuitumikia nchi yake. Tunauliza: akikosea, nani atamwajibisha? Oktoba 2022 aliandika mtandaoni kwamba yeye na jeshi lake wangeiteka Nairobi kwa muda usiofika wiki mbili. Baba yake akawaomba radhi Wakenya, akamwondoa katika ukuu wa jeshi la nchi kavu, na papo hapo akampandisha kuwa jenerali kamili. Machi 2024 akamteua Mkuu wa Majeshi. Hakimu akiwa ndiye mzazi, adhabu hugeuka tuzo.

Wala hayo si ya Waganda peke yao. Mkoa wetu wa Kagera ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Tunajua amri ya mtu asiye na wa kumzuia huishia wapi.

Tazameni Kenya. Mwaka 2002 Rais Moi, aliyetawala tangu 1978, alimpendekeza Uhuru Kenyatta, mtoto wa rais wa kwanza, awe mrithi wake. Wananchi wakamkataa kwa kura. Mwaka 2013 aligombea tena, akatangazwa mshindi. Gabon ilikuwa vingine: Omar Bongo alitawala tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2009, mwanawe Ali akashika nafasi yake, na Agosti 2023 jeshi likampindua. Kura isipoweza kumkataa mtu, bunduki humkataa.

Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa majeruhi wa kufa, aliwaachia watu sita kazi ya kumchagua khalifa miongoni mwao. Mwanawe Abdullah aliruhusiwa kuhudhuria na kushauri tu. Katika ukhalifa hakuwa na fungu.

Basi na tuanzie hapa kwetu: katika kitongoji, katika chama cha msingi cha kahawa na katika kamati ya msikiti, kila cheo kiwe na muda wake na hesabu yake. Uongozi ni amana. Haugawanywi pamoja na mashamba ya marehemu.

Wabillahi tawfiiq.