Krismasi za Utoto Katika Mlima Kilimanjaro

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi, walimu na vijana, siku chache kabla ya sikukuu.)



Nimeambiwa niseme habari za Krismasi za utotoni, nami nimekubali kwa furaha, maana ni habari ambazo kila mtu aliyelelewa mlimani anazo tele. Lakini nimeona kwamba tukianza kusimuliana mambo hayo, sote hutaja wali, na nyama, na nguo mpya, kisha hunyamaza. Hayo ni kweli, wala siyadharau. Mtoto hupata tumbo kabla hajapata akili. Walakini nikijiuliza ni kitu gani kilichonikaa zaidi moyoni katika Krismasi zote nilizoziona, naona si chakula wala nguo, bali ni jani moja. Nitalifikia jani hilo. Kwanza yafaa nieleze kidogo jinsi sikukuu hii ilivyokaa kwetu, kwa ajili ya wageni walio kati yetu wasioijua nchi ya Uchagga.

Krismasi haikuzaliwa mlimani. Ililetwa na wamisionari: Wakatoliki walijenga kwanza Kilema, upande wa Vunjo, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Lakini iliangukia katika majira mema. Mwezi wa Desemba mvua za vuli zinakwisha, migomba imeshiba maji, na kahawa ya mwaka imechumwa, hata mtu mwenye miti michache hakosi senti mbili tatu. Huko chini, Moshi mjini, mikrismasi imechanua maua yake mekundu kana kwamba imeambiwa tarehe. Basi wenyeji waliipokea sikukuu ile wakaitia ndani ya desturi zao za tangu kale, yaani kuchinja, kumgawia kila mtu fungu lake la nyama kwa cheo chake katika ukoo, na kunywa mbege pamoja. Tena reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, watu waliokwenda kutafuta kazi mbali walipata njia ya kurudi; na mwaka 1963, reli ya Ruvu ilipounganishwa na ile ya Tanga, hata mtu wa Dar es Salaam aliweza kupanda gari la moshi akashukia Moshi. Hivyo ndivyo Krismasi ilivyopata kuwa kwetu siku ya kurudi nyumbani.

Katika nyumba yetu, huko Vunjo, dalili ya kwanza ilikuwa harufu. Bibi, mama yake baba, alikuwa akipika mbege: ndizi mbivu huchemshwa sana katika chungu kikubwa, huachwa siku kadhaa, huchujwa, kisha hutiwa uji wa kimea cha ulezi. Sisi watoto hatukupewa, ila tulipewa kazi ya kuchochea moto, na moshi wake ulitushiba hata shuleni wenzetu walijua nyumba ipi imekwisha kuanza. Dalili ya pili ilikuwa barabara. Tuliketi juu ya ukingo tukitazama watu wanaopanda kutoka Himo na mizigo kichwani, tukibishana huyu ni wa nani na ule mfuko una nini. Na alfajiri ya siku yenyewe matarumbeta ya kanisani yalilia toka mbali, kukiwa kungali giza na baridi, na kila mtoto akaruka kitandani bila kuitwa. Siku nyingine zote za mwaka tuliamshwa kwa fimbo.

Sasa nitasimulia Krismasi moja tu, ile ya mwaka 1983. Nalikuwa na umri wa miaka tisa.

Mwaka huo haukuwa mwema. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, lakini dhiki ilikuwa ingali nasi. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na vitambaa viligawiwa katika duka la kijiji kwa kipimo cha kaya, na mara nyingi zamu ya mtu ilifika bidhaa zikiwa zimekwisha. Tena mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Wale walio mbali na mpaka huenda hawakuona uzito wa jambo lile. Sisi tuliuona, maana kutoka Himo kwenda Taveta si mbali, na watu wa Vunjo na watu wa Taveta wameoana na kuuziana ndizi tangu kabla ya kuwako mpaka wowote. Shangazi yetu, dada yao baba, alikuwa ameolewa huko Taveta. Wako waliopita njia za panya usiku, lakini yeye alikuwa mwoga wa askari, na miaka sita ikapita hatujamwona.

Nyumbani napo palikuwa na mpaka wetu. Kwa desturi ya Wachagga mwana wa kwanza hupewa kihamba chake, na kitinda mimba hubaki katika boma la wazee. Baba yangu ndiye kitinda mimba, naye baba mkubwa alikaa juu yetu, na kati ya vihamba vile viwili palipita safu ya masale. Kwa msiolijua, isale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao watu wa kwetu huupanda mpakani na penye makaburi ya wazee. Kando ya safu ile kulikuwa na kahawa kumi na mbili. Alipokuwa hai babu hakuna aliyeuliza ni za nani. Alipofariki kila mmoja wa ndugu wale alisema ni zake, wakatoleana maneno mazito siku ya kuchuma, na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mtoto anapoingia katika mashauri ya wakubwa. Mbuzi wa Krismasi alipochinjwa kwetu, kidari kilikuwa haki ya baba mkubwa, ugomvi au bila ugomvi. Baba hakuthubutu kumnyima. Alikikata, akakifunga katika jani la mgomba, akanipa mimi nikipeleke. Mwaka 1981 nalikipeleka. Mama mkubwa alinipokea vizuri, akanipa ndizi mbivu, akaingia ndani, kisha akatoka na furushi lile lile akasema, “Rudi nacho, mwanangu. Baba yako mkubwa hali nyama leo.” Nami nalisikia harufu ya nyama yake yeye ikichomwa nyuma ya nyumba. Mwaka 1982 ikawa vivyo hivyo. Kidari kilichorudi baba alikataza kisiliwe, akapewa mbwa. Yafaa mjue kwamba sisi tulionja nyama mara chache sana kwa mwaka; nalimwangalia mbwa yule akila, nami machozi yakanitoka, na sikujua nalilia nyama au nalilia nini. Bibi naye hakuonja kipande cha mbuzi yule, wala hakusema neno.

Mwezi wa Novemba 1983 mpaka wa Kenya ukafunguliwa. Jioni ya tarehe 24 Desemba tulimwona shangazi akipanda njia ya kutoka Himo, na nyuma yake kijana amemchukulia mzigo. Kulikuwa na makopo ya mafuta ya kupikia, na mikate iliyofungwa karatasi, na sabuni yenye harufu ya maua, ambayo mdogo wangu aliinusa akaiuma akidhani ni ya kula. Tulimkimbilia tukamshika miguu. Alipofika penye njia panda, njia moja ikienda kwa baba mkubwa na moja kwetu, alisimama akatuuliza, “Kesho wote watakula wapi?”

Watoto hawajui kuficha. Tulimwambia yote, hata habari ya mbwa.

Shangazi hakusema kitu. Alitua mzigo wake, akaketi juu ya ukingo wa mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, pale pale njia panda. Baba akatoka kumlaki, na baba mkubwa akatoka upande wake, kila mmoja akimkaribisha nyumbani kwake kana kwamba mwingine hayupo. Akawajibu, nami nayakumbuka maneno yake maana aliyasema kwa sauti ya chini, na wote wawili ilibidi wasogee ndipo wayasikie. Alisema, “Nimetoka katika nchi mbili zilizofungiana mlango miaka sita. Zina majeshi, zina fedha, zina maneno mengi, nazo zimefunguliana. Ninyi mna kahawa kumi na mbili. Siingii nyumba yoyote.”

Wakarudi makwao. Jua likazama. Majirani waliokuwa wakienda kanisani kuimba walipita wakamwona mgeni wa miaka sita ameketi mferejini na mizigo yake, wakamwamkia, wakaenda zao wakinong’ona. Na kwa watu wa kwetu aibu hiyo ni zaidi ya kutukanwa sokoni. Bibi akampelekea kigoda. Kisha naye akachukua kigoda chake akaenda kuketi karibu naye, mzee yule, katika baridi ya mlimani.

Usiku ulipoingia baba alitoka ndani ameshika panga. Mama alimwita, hakugeuka. Aliniambia mimi nichukue koroboi nimwangazie njia, nami nalitetemeka hata mwali ukayumba, maana nalidhani twaenda kuona damu. Alikwenda mpaka kwenye safu ile ya masale, akakata jani moja, akalifunga fundo.

Hapo yanipasa kuwaeleza wageni. Jani lile lile linalotenga mashamba ndilo jani la kuombea msamaha. Mtu akimpelekea mwenziwe isale, yule anayepelekewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama kosa lilikuwa zito. Na wazee waliamini kwamba anayelikataa hujitafutia balaa. Kwa sababu hiyo mtu hupeleka nyama kwa urahisi, bali isale hulipeleka kwa shida, maana akilishika mkononi amekubali kwamba yeye ndiye aliyekosa. Baba yangu hakuamini hata siku moja kwamba amekosa. Alilishika.

Baba mkubwa alikuwa mlangoni, nadhani alituona tangu tulipowasha taa. Baba alimpa jani kwa mikono miwili akasema, “Kaka.” Sikulisikia neno hilo kinywani mwake muda wa miaka miwili. Baba mkubwa alilipokea, akaligeuzageuza mbele ya koroboi yangu, akauliza, “Umelikata wapi?”

“Mpakani.”

“Upande upi?”

Baba akasema, “Sikutazama.”

Baba mkubwa akakaa kimya kidogo, kisha akaanza kucheka, akamwita mkewe alete mbege. Akanywa yeye kwanza, akampa baba kibuyu, na baba alipokwisha kunywa alinipa mimi tone moja, jambo lililokuwa mwiko. Ndipo wote wakashuka kwenda kumwinua dada yao na mama yao. Asubuhi yake nalipeleka kidari, nacho hakikurudi.

Wengine watapenda kujua habari ya kahawa. Mwezi wa Januari wazee walikuja na kamba wakapima. Saba zikawa za baba mkubwa na tano za baba. Baba alisema ni sawa. Mama hakuridhika, na hata alipokuwa ajuza alizihesabu zile saba kila alipopita njia ile. Simlaumu, ndiye aliyezipalilia.

Sasa nina neno kwa ninyi mnaorudi kutoka mijini. Nafurahi kwamba mnarudi. Abiria wa gari la moshi walipokosa usafiri huo zaidi ya miaka 20, kisha ukarudishwa Desemba 2019, nalikwenda Moshi stesheni kutazama tu, na watu walishuka na watoto, na magodoro, na majogoo ya mjini, hata nikacheka peke yangu. Lakini nimeona pia jinsi Krismasi inavyosherehekewa siku hizi katika baadhi ya nyumba kubwa zilizojengwa vihambani, zile zinazofungwa miezi kumi na moja. Mbuzi huchinjwa nyuma ya geti. Watoto hula, hupigwa picha, hulala siku tatu, hurudi Dar es Salaam, wala hawajui jina la mtu anayekaa ng’ambo ya ukuta, ambaye pengine ni ndugu wa babu yao. Chakula wamepata, na nguo wamepata, tena bora kuliko zetu. Ila hakuna aliyewatuma kokote. Mkichinja mwaka huu, mkate fungu la jirani wa damu yenu, mlitie mkononi mwa mtoto, si la dereva, naye apite njia ya miguu. Likirudishwa, mtoto atawaambia, nanyi mtajua hali yenu ilivyo.

Jambo jingine ni dogo, lakini lanisumbua. Safu nyingi za masale zimekwisha kung’olewa, na mahali pake pamejengwa kuta za matofali na nguzo za saruji. Mipaka imekuwa imara sana. Lakini mtu akipata moyo usiku kama ule, akachukua panga na taa, huenda akazunguka kihamba chote asione pa kukata jani. Kwetu safu ile ya babu ingaliko, chini kidogo ya njia panda, kandokando ya mfongo. Anayehitaji na aje akate. Hana haja ya kupiga hodi.