Daftari la Siku Zako

(Muziki wa kufungulia kipindi, kisha unashuka taratibu.)

Leo tunazungumzia kuandika shajara: kuwa na daftari unalojiandikia mwenyewe yale yaliyokupata na yale yaliyokukaa moyoni. Weka kalamu karibu, maana kabla hatujaagana nitakupa zoezi la kuanza nalo usiku huu.

Tuanzie hapa hapa kwetu. Ukitoka mjini Tabora kuelekea Kwihara, mwendo wa kilomita chache tu, utalikuta tembe ambalo leo ni makumbusho. Ndani ya tembe lile, mwaka 1872, aliishi Daktari David Livingstone, mmisionari na msafiri. Mwandishi wa habari Stanley alikuwa amemkuta Ujiji mwaka uliotangulia, wakaja pamoja hadi huku Unyanyembe, wakafika mwezi wa Februari. Machi 14, Stanley akashika njia ya pwani, akiwa amebeba shajara ya mwenzake aifikishe Uingereza. Livingstone akabaki akingoja wapagazi na vifaa kutoka Unguja. Alingoja hadi Agosti 25.

Hebu fikiria hali yake. Mwili ulikuwa umedhoofishwa na maradhi ya miaka mingi. Mwezi Julai 1871, kule Nyangwe katika nchi ya Kongo, alikuwa ameshuhudia kwa macho yake watu wakiuawa kwa risasi sokoni, wengine wakizama mtoni walipokuwa wakikimbia. Aliyaandika mauaji yale wakati karatasi zimemwishia: alichukua gazeti kuukuu, akaandika juu ya maandishi ya chapa kwa wino uliotengenezwa kwa mimea. Sasa yuko Kwihara, rafiki ameondoka, na habari za pwani haziji. Siku tano baada ya Stanley kuondoka alitimiza miaka 59, na siku hiyo akaandika sala fupi ya kujiweka upya mikononi mwa Mungu wake. Katika kurasa za miezi ile yamo mambo mengi: uchovu wa kungoja, hesabu za safari iliyo mbele, mvua, hata ndege waliokuwa wakilea makinda. Daftari halikuwaharakisha wapagazi. Lakini kila siku ilipata mahali pake, na fikra za mtu aliyekuwa peke yake zilipata pa kutua.

Mwezi Agosti wapagazi walifika. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa Kiyao, Jacob Wainwright. Alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa mtoto, akakombolewa na Waingereza, akasomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik nchini India. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, wenzake waliukausha mwili juani na kuubeba hadi pwani. Chuma na Susi walikuwa viongozi wa msafara. Jacob aliandika. Siku baada ya siku aliweka kumbukumbu ya safari ile ngumu, iliyopita hapa Unyanyembe mwezi Oktoba na kufika Bagamoyo Februari 1874. Hatimaye yeye mwenyewe alirudi huku bara, akafia Urambo mwaka 1892.

Msikilizaji, nakutajia Jacob kwa makusudi. Katika njia ile ya misafara walipita maelfu kwa maelfu ya wapagazi, Wanyamwezi wengi wakiwa miongoni mwao, wakiwa na mizigo mabegani na mambo yao vifuani. Walio wengi hatuna hata sentensi moja yao. Jacob tunayo sauti yake, kwa sababu alichukua kalamu. Mtu asiyeyaandika ya kwake huachia wengine kazi ya kumsimulia, na pengine hata yeye mwenyewe husahau alivyovuka siku zake ngumu.

Sasa tuingie upande wa afya. Kwa nini kuandika kunasaidia akili? Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika tukio lililowaumiza sana maishani, na jinsi walivyojisikia. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na kwa jumla zinaonyesha kwamba faida ipo, ingawa si kubwa na si kwa kila mtu.

Maelezo yake ni haya. Jambo linalokusumbua, likibaki kichwani, hurudi vipande vipande: sura ya mtu, neno alilokutupia, deni, hofu ya kesho. Ukiliandika, unalazimika kulipanga. Lilianzaje? Nani alisema nini? Nilijisikiaje? Kwa nini? Pennebaker alipochunguza maandishi yenyewe aliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao, siku baada ya siku, walizidi kutumia maneno ya kutafuta sababu na kuelewa. Kwa hiyo faida kubwa iko katika kuelewa. Kumwaga machungu peke yake hakutoshi.

Utaandikaje basi? Daftari la kawaida la shule linatosha. Chagua wakati mmoja ambao nyumba imetulia, labda baada ya chakula cha usiku. Andika tarehe. Andika lililotokea, kwa maneno yako, Kiswahili, Kinyamwezi au Kisukuma. Usihangaike na herufi kubwa wala mwandiko mzuri. Hakuna mwalimu atakayesahihisha. Kisha andika ulivyojisikia, na kitu kimoja unachoweza kufanya kesho. Mkulima anayengoja malipo ya mazao yake, mama anayeuguza, kijana aliyemaliza shule na hajapata kazi, wote wana cha kuandika.

Na usiandike machungu tu. Livingstone aliandika kungoja kwake, akaandika na ndege. Ukipata la kukufurahisha, hata dogo, liweke humo.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni siri. Usimwonyeshe mtu asipohitaji kuona, na ukurasa unaoweza kukuletea matata nyumbani unaweza kuuchana baada ya kuuandika. Faida yake umeshaipata. La pili, ukiona wiki nzima unaandika lawama ile ile na kifua kinazidi kubana, pumzika. Badili swali, au zungumza na mtu unayemwamini. Na kama msiba au ukatili umekupata juzi tu, usijilazimishe kuuandika. Subiri uwe tayari. La tatu, daftari si daktari. Ukikosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya maisha kwa majuma mawili au zaidi, au ukianza kuwaza kujidhuru, usibaki na daftari peke yako. Mwambie ndugu leo hii, nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Hali hiyo huweza kuwa sonona, nao ni ugonjwa unaotibika. Kwa watoto, namba 116 hupigwa bure.

Na wewe usiyejua kuandika hujaachwa nje. Jirekodi kwa simu ukiwa faraghani, au tulia na msimulie mtu mwenye kifua cha kutunza siri.

Sasa zoezi letu. Kwa usiku nne kuanzia leo, kaa dakika 15 na ujibu maswali matatu: Ni jambo gani limenikaa moyoni? Limeanzia wapi? Kesho nitafanya nini juu yake? Usiku wa nne ukiisha, soma ulichoandika tangu mwanzo, kisha andika mstari mmoja juu ya ulichojifunza kuhusu nafsi yako.

Mzazi unayenisikiliza, mnunulie mwanao daftari moja lisilo la masomo, na umpe heshima ya kutolifungua. Nawe jinunulie lako. Yaliyo moyoni mwako yana haki ya kusikilizwa, na msikilizaji wa kwanza awe wewe mwenyewe. Kwa leo tunaishia hapa. Usiku mwema, na kalamu njema.

(Muziki wa kufungia kipindi.)