Bikoni Kwanza, Bembea Baadaye

Msikilizaji, mgeni akija, Singida haikosi uwanja. Mei Mosi ya mwaka 2025 ilipoadhimishwa kitaifa hapa kwetu, uwanja wa Bombadia ulifurika wafanyakazi, na pale pale Rais akatangaza nyongeza ya asilimia 35.1 ya kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma. Uwanja wa Liti nao, ambao wengi bado tunauita Namfua, umeshapokea Simba na Yanga. Swali langu la leo ni dogo kuliko hayo. Jumanne saa kumi na moja jioni, mtoto wa kata ya Mandewa anayetaka kucheza bila kukwepa bodaboda, aende wapi?

Kwenye karatasi, jibu lipo. Mtaa ukipangwa, mchoro wa mipango miji huonyesha viwanja vya makazi, barabara, shule na eneo la wazi. Tofauti ni kwamba kiwanja cha makazi kina mwenyewe. Akiona tofali la mtu mwingine limeshushwa pale, patachimbika. Eneo la wazi ni la wote, kwa hiyo hakuna anayelilalamikia. Linaanza na banda la chipsi, inafuata gereji, halafu unaona msingi wa nyumba. Na kule ambako watu walijenga kwanza, urasimishaji ukaja baadaye, huwezi kupata hata robo eka ya kuchezea bila kumlipa mtu fidia.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.37 katika mkoa huu. Ile ya 2022 ilikuta tumevuka milioni 2. Mji lazima utanuke, na bahati yetu ni kwamba pembezoni mwa manispaa, huko Unyambwa, Mtipa na Mwankoko, bado kuna mashamba. Huko eneo la wazi linaweza kutengwa leo bila kubomoa nyumba ya mtu.

Ndiyo maana nasema bikoni kwanza, yaani alama za mipaka ya eneo, bembea baadaye. Halmashauri zetu hupenda bustani ya kuzinduliwa: geti, nyasi za kupandwa, utepe wa kukatwa. Lakini Singida ni nchi kame. Mvua zikikatika Aprili au Mei, tunasubiri hadi mwishoni mwa mwaka. Nani atamwagilia nyasi mwezi wa tisa wakati kina mama wamepanga ndoo bombani? Tuanze na miti ya kivuli inayostahimili ukame, ardhi iliyosawazishwa, magoli mawili, benchi za wazee na choo. Nguzo za netiboli ziwekwe siku ile ile yanapowekwa magoli, maana uwanja ukiwa wa mpira wa miguu tu, wasichana hubaki kuwa watazamaji. Na yale mawe yetu makubwa yaachwe yalipo, yasigeuzwe kokoto. Watoto wanayapanda tayari, wala hayajamgharimu mtu senti.

Tunayo pia bustani ambayo sheria imeshatupa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sisi tuna maziwa mawili mjini, Singidani na Kindai. Ukanda huo ukilindwa, ukapandwa miti na kuwekewa njia ya udongo, watu watapata pa kutembea na kuwatazama heroe wakija. Nasema njia ya udongo kwa sababu maji ya maziwa haya hupanda na kushuka, na zege litakuwa hasara. Mkoa uliomzaa Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, haupaswi kukosa njia ya kukimbilia.

Najua kuna diwani atasema fedha hazitoshi, zahanati kwanza. Sawa. Lakini bikoni nne na miche ya miti haziwezi kuizuia zahanati. Ardhi ikishauzwa ndipo gharama inapokuja. Na tusidhani jina kubwa la bustani ni ulinzi. Mwaka 1989 bustani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi, ilikaribia kumegwa ili lijengwe jengo la ghorofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua, akatukanwa hadi bungeni, lakini mradi ukafa. Bustani ile ilipona kwa sababu alijitokeza mtu aliyeidai kama yake.

Basi mkutano wa mtaa wako utakapoitishwa, nenda. Mwombe mwenyekiti na mtendaji waoneshe mchoro, kisha mwende pamoja hadi kwenye eneo lenyewe mkazitafute bikoni. Zisipoonekana, iandikwe kwenye muhtasari, na nakala ifike kwa mkurugenzi wa manispaa. Na ukiambiwa eneo hilo lilishagawiwa, usibishane. Omba tu kuoneshwa muhtasari wa kikao kilicholigawa.