Wangavu wa Maji Siyo Usalama Wake



Katika Kata ya Bukundi, Wilaya ya Meatu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Simiyu, mwaka hugawanyika kati ya miezi ya tope na miezi ya kiu. Mvua zikinyesha, mito ya msimu hufurika na malambo hujaa maji mazito yenye rangi ya udongo. Kiangazi kikishika, mito hukauka na wananchi hufukua mchanga wake kuyatafuta maji yaliyojificha chini. Katika hali hiyo, si ajabu mwananchi kuamini kwamba maji yasiyo na tope ni maji salama. Lakini mpango wa maji ukijengwa juu ya imani hiyo, utawadhuru wale wale unaotaka kuwahudumia.

Uamuzi wa kuwapelekea wananchi wa vijijini maji si wa jana. Mwaka 1971 TANU iliamua kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji bila kutembea zaidi ya mita 400. Visima, mabomba na pampu vilienea mahali pengi, pamoja na visima vifupi vya Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha sehemu kubwa ya Simiyu ya sasa. Hata hivyo, mwaka 1991 ulifika kabla lengo halijatimizwa. Mitambo mingi ilikuwa imesimama kwa kukosa dizeli, vipuri na mafundi. Tena shabaha yenyewe ilipimwa kwa umbali. Kilichomo ndani ya ndoo hakikupewa uzito ule ule.

Mfano dhahiri ni floridi, madini yanayotoka katika miamba na kuyeyuka katika maji ya ardhini. Kiwango cha muda kilichowekwa nchini mwaka 1974 kiliruhusu hadi miligramu 8 katika lita moja ya maji ya vijijini, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5. Nchi kame haikuwa na vyanzo vya kuchagua. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi miligramu 4, na mwaka 2018 kikafikishwa kwenye 1.5. Sheria imebadilika, lakini miamba ya Meatu, ambako floridi nyingi imegunduliwa katika baadhi ya vyanzo, ni ile ile.

Hatari ya floridi ni kwamba haina rangi wala harufu. Maji yake yaweza kuwa maangavu kuliko yote kijijini. Klorini haiiondoi. Kuyachemsha hakusaidii, mvuke huondoka na floridi hubaki katika maji machache zaidi. Anayeiona dalili yake mapema ni mwalimu, pale mtoto anapofungua kinywa kusoma na meno yake ni ya kahawia. Meno ya kudumu huumbika utotoni, na yakiharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, mtambo utakaojengwa miaka kumi baadaye hautayarudisha. Kwa anayeendelea kuyanywa maji hayo miaka mingi, mifupa nayo huweza kukakamaa na kupinda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Maji ya lambo yana ugonjwa mwingine: tope na vijidudu. Mwaka 1892 mji wa Hamburg, Ujerumani, ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Kipindupindu kikaua zaidi ya watu 8,000. Mji jirani wa Altona ulichota maji ya mto huo huo, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulipita, lakini uliyapitisha kwanza katika mchanga, na kwa sehemu kubwa ukanusurika. Mchanga tu, ukitunzwa vizuri, uliokoa maisha ya watu wengi.

Hata hivyo, maji mazito huuziba mchanga upesi, na klorini ikitiwa katika tope hupotea bure huku vijidudu vikijificha. Kwa hiyo maji ya lambo hupaswa kwanza kutulia, ama kwa kutiwa shabu, ama kwa kupita katika chujio la kokoto, ambalo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilifanyia utafiti katika miaka ya 1980. Kisha hufuata mchanga, na klorini huja mwisho. Maji ya kisima chenye floridi huhitaji dawa tofauti. Kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floridi, lakini baada ya muda huchoka na hapana budi ubadilishwe. Mahali pengine suluhisho ni kukiacha chanzo na kutafuta kingine.

Ni dhahiri basi kwamba kuboresha mtambo huanza kwa kuyapima maji, kabla ya kuagiza hata bomba moja. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo tangu mwaka 2009 yamewafikia wananchi wa Shinyanga na Kahama kutoka Ihelele, yana floridi kidogo. Mradi mkubwa wa Simiyu, ulioidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, umepangwa kuyafikisha hadi Meatu. Lakini hata maji ya ziwa huhitaji kuchujwa na kutiwa dawa, na bomba refu halimwondolei mtu wajibu wa kupima.

Wajibu huo ni wa kila siku. Bajeti iliyotaja pampu na kusahau shabu, klorini na ujira wa mlinzi wa chujio haijakamilika. Mtendaji wa kata anaweza kudai matokeo ya vipimo yasomwe katika mkutano wa kijiji kama yasomwavyo mapato na matumizi. Mwalimu anaweza kuwafundisha wanafunzi kwamba macho hayatoshi kuyahukumu maji, na kutoa taarifa ya meno anayoyaona darasani badala ya kuyazoea.

Mtoto wa Bukundi hawezi kuchagua maji anayokunywa. Wakubwa wake ndio wanaomchagulia, na wanaochagua bila kupima wanabahatisha kwa mifupa ya mtoto huyo.