Mzee Anaweza Kuugua Bila Homa

Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwenye baraza la wazee na walezi wao

 

Mimi si daktari, kazi yangu ni habari. Lakini jambo hili lilinifika nyumbani. Nyanya yangu alikataa chai asubuhi moja. Kesho yake akaniita kwa jina la mjomba. Tulimpima joto, halikuwa limepanda, tukasema ni uzee. Siku ya tatu ndipo tukampeleka hospitalini, tukaambiwa ni nimonia, tena imeshika mapafu yote mawili.

Nilimwuliza daktari, mbona mwili haukuchemka? Akanieleza kwamba homa huletwa na kinga ya mwili yenyewe inapopambana na vijidudu. Kinga ikizeeka, huchelewa kupiga kamsa.

Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi. Humo ndimo aina moja ya chembe nyeupe za damu hufunzwa kumtambua adui. Tezi hiyo huanza kunywea tangu ujana, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Askari wa zamani, wanaoikumbuka surua ya utotoni, bado wapo. Makurutu ndio wachache. Ndiyo maana virusi vya tetekuwanga, vilivyojificha kwenye neva miaka mingi, huweza kuamka vikaleta mkanda wa jeshi. Kifua kikuu kilicholala nacho huweza kuamka vivyo hivyo.

Kuna wanaoniuliza, kama kinga ya mzee imechoka, chanjo ya nini? Ni kweli chanjo humwamsha mzee kidogo kuliko kijana. Lakini kidogo hicho humpunguzia hatari ya kulazwa. Chanjo ya Covid ilipoanza kutolewa nchini Machi 2021, waliotimiza miaka 58 walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa.

Sasa walezi, nisikilizeni. Mzee akiacha kula ghafla, akichanganyikiwa, akianguka ovyo au akipumua haraka, msingoje joto lipande. Mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya ya jamii akija na kipimajoto, mwelezeni pia yale ambayo kipimo hakisemi. Na wewe kijana mwenye kikohozi, salamu za mkono zinaweza kungoja.

Nyanya alirudi nyumbani. Chai anaitaka tena, na sukari nyingi, jambo ambalo tutalizungumza siku nyingine.

Maswali? Daktari yuko hapa, atayajibu.