KIDUNG'ATA WA MIHOGO: MDUDU ASIYE NA DUME
(Mazungumzo yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama)



Leo nasema juu ya mdudu mmoja mdogo, kidungʼata wa mihogo. Mnamjua: ana rangi ya waridi, kajipaka kama unga mweupe, anakaa nchani mwa mti. Majani yanajikunja na kujifunga kama ngumi, pingili zinakuwa fupi, na mizizi chini haijai.

Wengi husema, "Mdudu mmoja atafanya nini?" Hapo ndipo tunapokosea. Mbuzi jike peke yake hazai mpaka apate beberu. Lakini kidungʼata hana dume kabisa. Wote ni majike, na mayai yao huanguliwa bila kupandwa. Sisi nasi muhogo hatuupandi kwa kusubiri ua na mbegu. Tunakata mti, tunachomeka, unatoka muhogo ule ule. Naye binti yake ni kama yeye.

Basi tupige hesabu. Mmoja anataga mayai kama 400. Baada ya mwezi hivi hao wamekua, na kila mmoja anataga 400 yake. Wakipona wote, wajukuu ni 160,000! Kweli wengi hufa, mvua huwaosha na wadudu wengine huwala. Lakini kiangazi wanazidi, na shamba linaweza kupoteza hata sehemu 8 katika 10 za mavuno.

Mdudu huyu si wa kwetu. Alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Kongo miaka ya 1970 mwanzoni, akaenea Afrika kwa upepo na kwa miti ya mbegu iliyobebwa na watu. Mwaka 1981 wataalamu walipata Paraguay nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya kidungʼata. Mtoto wake humla huyo kidungʼata kwa ndani. Nyigu huyo aliachiliwa Nigeria mwaka huo huo, kisha nchi nyingi, na mihogo ikaokoka. Bwana Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Kwa hiyo, jamani, nashauri hivi:

1. Mbegu ya muhogo kutoka nje ya kijiji isishushwe shambani kabla ya kukaguliwa, mti mmoja mmoja. Wenye unga mweupe uchomwe moto.
2. Tupande mapema mvua zinapoanza, mti uwe na nguvu kabla ya kiangazi.
3. Tusinyunyize dawa ovyo. Dawa inamuua na nyigu, rafiki yetu.

Mgeni huyu hahitaji mwenzi. Akiingia mmoja, ukoo mzima umeingia.