Redio ya Wanafunzi wa Butare



Mwezi Novemba mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilichokuwa katika mji wa Butare, ambao sasa unaitwa Huye, kilianzisha kituo chake cha redio kwa msaada wa UNESCO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni. Kituo hicho kilipewa jina la Radio Salus. Kazi yake ilikuwa mbili: kuwahudumia wananchi wa sehemu hizo za kusini, na kuwa mahali ambapo wanafunzi wa uandishi wa habari wangejifunza kazi kwa kuifanya.

Katika nchi nyingine jambo hili lingepita kama habari ndogo ya elimu. Kwa Rwanda sivyo. Itakumbukwa kwamba mwezi Julai mwaka 1993 kituo cha RTLM kilianza kutangaza kutoka Kigali. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kituo hicho kilitangaza majina ya watu na mahali walipokuwa, ili wauaji wawafikie. Waandishi wengi wa habari nao waliuawa, na wengine wakaikimbia nchi. Shule ya uandishi wa habari ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu hicho mwaka 1996, ilikuwa inajenga juu ya uwanja uliobaki mtupu, na mbele ya wasikilizaji waliokuwa na kila sababu ya kuiogopa sauti itokayo redioni.

Liko jambo moja hapa ambalo linafaa litazamwe kwa makini. Watangazaji wa RTLM hawakushindwa kazi kwa upande wa ufundi. Walijua kuongea na msikilizaji kama jirani, walijua kupiga muziki unaopendwa, na vijana waliwafuata kwa sababu hiyo hiyo. Wala elimu ya juu haikukosekana. Mmoja wa waanzilishi wa kituo hicho, Ferdinand Nahimana, alipata kufundisha historia katika Chuo Kikuu hicho hicho cha Butare. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha tarehe 3 Desemba 2003, na rufani ya mwaka 2007 ikakipunguza kuwa miaka 30. Kwa hiyo anayesema kwamba mwandishi atatengenezwa kwa shahada peke yake, au kwa kujua mashine peke yake, hana budi kuieleza RTLM.

Ni kitu gani basi ambacho redio ya wanafunzi inaweza kufundisha na darasa lisiweze? Darasani mwanafunzi humwandikia mwalimu. Akikosea jina la mtu, hupunguziwa alama, na mtu yule hajui kamwe kwamba alikosewa. Redioni mambo ni mengine kabisa. Mwanafunzi anayetangaza bei ya viazi sokoni atakutana na mwenye viazi kesho yake, katika soko hilo hilo, naye mwenye viazi hana adabu ya mwalimu. Akisema kwamba maji hayakutoka katika mtaa fulani, watu wa mtaa huo ndio mashahidi wake. Hapo ndipo kijana anapoanza kuuliza mara ya pili kabla ya kuandika, tena bila ya kukumbushwa. Na saa ya habari haimngoji mtu; sisi wa studioni tunajua jinsi saa ya ukutani isivyo na huruma.

Vituo vya binafsi vilipoanza kurudi hewani nchini humo mwaka 2004, vilihitaji watu waliokwisha kuzoea kuulizwa na msikilizaji. Wengi waliopita Radio Salus baadaye walichukuliwa na vyombo vya habari vya Rwanda. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Carleton cha Kanada nacho kilianza kupeleka walimu na waandishi wazoefu kusaidia shule hiyo. Katika nchi jirani ya Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Mtakatifu Agustino mjini Mwanza navyo vina redio zao.

Lakini wakuu wa vyuo wana vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuifanya redio kuwa ubao wa matangazo ya ofisi: hotuba za mahafali, ziara za wageni, na tarehe za kulipa ada. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo atakuwa karani mwenye kipaza sauti. Cha pili ni kuwaachia vijana mitambo na kwenda zao, kwa kudhani kwamba uhuru ni kukosekana kwa mhariri. Kinachotakiwa ni mhariri mzoefu ambaye hukaa chumba kimoja nao, husoma kila habari kabla haijatoka, na humwuliza mwandishi: nani amekwambia, na je, umemsikia yule mwingine?

Na habari ikitoka na kosa, masahihisho yasomwe katika taarifa inayofuata, na yasomwe na mwanafunzi yule yule aliyekosea, kwa sauti yake mwenyewe. Mshahara wa mhariri huyo na mafuta ya jenereta viandikwe katika bajeti ya chuo pamoja na vitabu na chaki, maana msaada wa wafadhili huwa na tarehe yake ya kwisha.